Mbarika wa Sentimita 94

Kazi ya kwanza niliyopewa katika safari ile ilikuwa kutafuta magazeti. Kilo kumi na tano za magazeti makavu, tena yasiwe ya kurasa zinazong'aa, maana hayo hayanyonyi maji. Niliteremka Ngamiani, hapa Tanga mjini, nikidhani ni jambo la nusu saa. Kumbe magazeti ya zamani yana wenyewe: wauza karanga, wauza samaki wa kukaanga, na mama mmoja wa vitumbua aliyekuwa ameshalipia mzigo wote wa wiki ile. Tulivutana bei kwa adabu hadi akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe unafungia nini?"

"Majani, mama."

"Ya chai?"

"Hapana. Majani ya miti tu. Ya msituni."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyepata matatizo, akanigawia nusu ya mzigo wake na wala hakuongeza shilingi.

Ilikuwa 2008. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nasoma mimea, na nilikuwa nimechukuliwa msaidizi katika kikundi cha watu sita kilichokwenda kupima miti na kutambua mimea katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Mimi ni mtoto wa Tanga mjini. Maji niliyokunywa, niliyooga na niliyochapwa kwa kuyamwaga ovyo yote yalitoka Mto Zigi, unaokusanya vijito vya misitu ile na kuingia bwawa la Mabayani kabla ya kufika bombani kwetu. Lakini mlimani kwenyewe nilikuwa sijawahi kukanyaga. Nilikuwa nimefika Dodoma, nimefika Mwanza, ila si Amani, iliyo karibu kiasi kwamba asubuhi isiyo na mawingu unaiona milima yake ukiwa njiani.

Barabara ya kutoka Muheza inakwenda vizuri mpaka Zigi, penye stesheni ya zamani ya reli nyembamba waliyojenga Wajerumani kushusha magogo. Kuanzia hapo inaanza kupanda kwa kona, na kila kona unavaa nguo moja. Nilianza safari nimevaa fulana, nikashuka garini nimejifunga kanga ya pili mabegani. Mvua ya Amani kwa mwaka inakaribia milimita 2,000, na mingine nadhani haipimwi, maana haidondoki: inakaa tu hewani, inaingia kwenye nguo, kwenye unga, na kwenye magazeti yangu ya Ngamiani.

Nieleze kidogo tulichokwenda kufanya, kwa sababu nikisema "utafiti wa mimea" watu wengi huona darubini na koti jeupe. Sisi tulikuwa na panga, kamba, dira, kanda za kupimia, na jipiesi ambayo chini ya mwavuli wa ile miti ilikuwa inatafuta setilaiti kama mtu anayetafuta funguo gizani. Tunafyeka mkuza, njia nyembamba iliyonyooka kufuata dira, iwe kuna bonde au hakuna. Kila baada ya umbali uliopangwa tunaweka ploti ya mita 20 kwa 50. Ndani ya ploti, kila mti wenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi unapimwa, unaandikwa jina, unapigwa alama ya chaki ili usihesabiwe mara mbili. Katikati ya ploti kunakuwa na kiploti kidogo cha kuhesabia miche na vichaka. Basi. Kesho yake tena.

Sehemu ya kupimia ni mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua, na kila mmoja wetu alikuwa na kijiti kilichokatwa kwa urefu huo, kwa sababu vifua havilingani. Kwenye mteremko unapima upande wa juu. Mti ukiwa na mizizi iliyosimama kama kuta, na ile mikubwa mingi inayo, unapanda juu ya hizo kuta na kupima pale shina linapoanza kuwa duara. Mti ulio mpakani mwa ploti unaingia kama zaidi ya nusu ya shina lake iko ndani. Hili la mpakani ndilo lililotugombanisha kuliko yote, maana mtu akichoka huona miti yote ya mpakani iko nje.

Kupima, hata hivyo, ni kazi ya mikono tu. Kazi yenyewe ni jina.

Kikundi chetu kilikuwa na mtaalamu mmoja aliyesoma hadi shahada ya pili, wanafunzi wawili, vijana wawili wa kijiji cha jirani wa kufyeka, na mzee mmoja ambaye kwenye karatasi za malipo aliandikwa "kibarua". Sisi tulimwita Mzee. Baba yake aliwahi kufanya kazi kwenye bustani ya mimea enzi ya Waingereza, na yeye mwenyewe alikuwa amepita katika msitu ule akipasua mbao, akitega, akichimba dawa, akilima iliki, na hatimaye akiwaongoza watu kama sisi. Alikuwa akitembea mbele, panga kwapani, haongei. Tukifika kwenye mti anauchanja gome kidogo, upana wa vidole viwili, anautazama mkato, anaunusa, mara nyingine anaugusa kwa ulimi, kisha anatamka jina bila kugeuka. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Msambu. Mtambara. Mnyasa. Mshai. Mkumba. Mtambara tena.

Siku mbili za kwanza nilidhani anakisia. Vitabuni tulifundishwa kutambua mmea kwa ua: petali ngapi, stameni ngapi, ovari iko juu au chini. Lakini maua ya mti wa mita thelathini na tano yako mita thelathini na tano juu, tena kwa wiki chache za mwaka. Chini hapa unachokipata ni gome na majani yaliyoanguka, na hayo majani yanaweza kuwa ya mti wenyewe, ya jirani yake, au ya mtambaazi uliopanda juu yao wote wawili. Siku ya tatu nilimwomba Mzee anionyeshe. Akanichanjia mtambara, nikaona utomvu mwekundu ukitoka polepole kama kwenye goti la mtoto. Ule ni ndugu wa kungumanga, ile ya kwenye pilau, na ndugu wa kungumanga wengi hutoa damu hiyo. Akanichanjia mkulo ploti mbili mbele, nikanusa kafuri kali ya dawa ya kifua. Mvule unatoa maziwa. Jani ambalo ukilishika kwenye mwanga linaonyesha vitobo vidogo vya mafuta, hilo ni la ukoo wa mchungwa. Na vichaka vile vya chini ambavyo majani yake yamekaa mawili mawili, yakitazamana, na katikati ya vikonyo kuna kijijani kidogo kama ulimi, hivyo ni ukoo wa mbuni, na Amani ukoo huo umejaa kama akina Juma kwenye daftari la shule.

Mzee hakusema "familia ya mbuni", hayo ni maneno yangu. Yeye alisema hawa ni ndugu. Nilipofungua kitabu usiku, mara nyingi kuliko nilivyotarajia, wale aliowaita ndugu walikuwa ndugu kweli.

Kulikuwa na siku alinishinda kabisa. Tulifika kwenye msambu, mti ninaoupenda mpaka leo kwa sababu matunda yake yananing'inia makubwa kama mabomu, yakianguka yanasikika ploti nzima. Mbegu zake zina mafuta mazito. Watu wa kule waliyapikia na kutengenezea sabuni tangu zamani, na kuanzia miaka ya 2000 kampuni za nje zikaanza kuzinunua kwa ajili ya siagi ya mimea. Mzee akasema, "Andika msambu. Huu dume." Nikaandika msambu, la dume nikaliacha, nikijua wazee wana mambo yao. Jioni nikamsimulia mtaalamu wetu kama kichekesho. Hakucheka. Akanifungulia ukurasa wa *Allanblackia stuhlmannii*: mti una dume na jike mbalimbali, na dume hauzai. Mtu anayetegemea mbegu kwa ada ya shule ya watoto ataachaje kuujua mti usiozaa? Kesho yake nilirudisha safu ya maelezo kwenye fomu yangu, ile niliyokuwa nimeifuta kwa kuona inachelewesha.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Fomu ilikuwa na safu mbili za majina, la kienyeji na la kisayansi. La kienyeji linajazwa msituni. La kisayansi baadaye, baada ya kulinganisha sampuli. Tuliporudi Dar es Salaam mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuingiza data kwenye kompyuta. Fomu mia na kitu, zimelowa, zimekauka, nyingine zina alama za mguu. Nilikuwa na orodha ya majina ya mimea ya Kiswahili kando, nikawa nayasoma huku na kuyabadilisha kule. Mvule, *Milicia excelsa*. Mkulo, *Ocotea usambarensis*. Mbarika... orodha ikasema *Ricinus communis*. Nikaandika. Mbarika mwingine, nikaandika. Kazi ikaenda haraka, nikajisifu.

Wiki moja baadaye mwalimu wangu aliisoma ile jedwali mbele ya darasa zima, sauti yake imetulia kama ya msoma taarifa ya habari. "*Ricinus communis*. Kipenyo, sentimita 94. Urefu unaokadiriwa, mita 30." Akavua miwani. "Mwenzenu ameleta mnyonyo wa sentimita 94. Huu tungeutoboa mlango tukahamia ndani na familia zetu."

Kwa asiyeuona utani: mbarika kwa Kiswahili cha pwani ni mnyonyo, ule mmea wa jalalani unaotoa mafuta ya kuharisha, ambao mtoto anaweza kuung'oa kwa mkono. Usambara, mbarika ni jina la mti mkubwa wa mbao, *Isoberlinia scheffleri*, wa ukoo wa kunde. Hakuna aliyekosea. Mzee alitaja jina sahihi la mti aliokuwa ameushika, na orodha ilitoa maana sahihi ya neno la pwani. Aliyekosea ni yule aliyekaa katikati, aliyesimama mita moja kutoka kwenye shina lile, akalizungushia kanda kwa mikono yake miwili na bado ikapungua, kisha akaamini orodha.

Nilicheka nao, maana ungefanyaje. Lakini usiku ule nilirudi kwenye fomu moja moja, na ndipo nilipoona ukubwa wa tatizo. Kulikuwa na majina ambayo Mzee aliyatumia kwa spishi tatu. Kulikuwa na spishi moja ambayo yeye aliiita hivi na kijana wa kufyeka, ambaye mama yake ni Mbondei, aliiita vile, na mimi nimeandika yote mawili kana kwamba ni miti miwili. Idadi ya spishi tuliyokuwa tunaelekea kuitangaza ilitegemea sana mambo hayo, kuliko ilivyotegemea kanda ya kupimia.

Ndiyo maana ya magazeti. Jina la mdomo linakubaliwa likiwa na kitawi chake. Unakata kitawi chenye majani, na ukijaliwa chenye ua au tunda, unakilaza ndani ya gazeti, unaandika namba, unaongeza boksi lililofunguliwa, gazeti jingine, kitawi kingine, mpaka inakuwa kama keki ya harusi, kisha unaibana kati ya fremu mbili za mbao na mikanda. Halafu unakausha. Kukausha kitu Amani! Tulizipanga fremu kuzunguka jiko la mkaa na kulala zamu kama walinzi, kwa sababu moto ukizidi majani yanaiva na ukipungua yanaota ukungu. Mvua ilipokaza siku nne mfululizo tulimwagia spiriti, tukafunga kwenye mifuko ya nailoni na kuomba Mungu. Chumba kizima kilinuka kama zahanati.

Kuvipata vitawi vyenyewe ilikuwa kazi ya mjukuu wa Mzee na manati yake. Tulimlipa kwa siku, lakini yeye alijilipa kwa sifa. Alikuwa anaweza kuangusha kijitawi alichochagua mita ishirini juu, na kabla ya kupiga anauliza, "Dada, unataka chenye tunda au chenye majani tu?" Vitu ambavyo gazeti haliwezi kuhifadhi, rangi ya ua, harufu, utomvu, sura ya gome, inabidi uviandike palepale. Kitawi kikishakauka, ua la zambarau na ua jeupe yote yanakuwa rangi ya chai.

Kilichobaki kinaitwa hebaria: makabati ya chuma yaliyojaa mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi nene, kila moja na lebo yake. Ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndiyo niliyojifunzia mimi. Iko nyingine Arusha, na ya watu wa misitu iko Lushoto. Unachukua kitawi chako, unakilinganisha na kilichoshatambuliwa, mshipa kwa mshipa, nywele kwa nywele. Na hapo ndipo mtu wa Tanga anapokuta jambo la ajabu. Msitu wa Amani ni wa kwetu, lakini kumbukumbu zake ziko safarini. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, wakakusanya mimea na kuipeleka Berlin. Kila jina la kisayansi limefungwa kwenye sampuli maalumu ya aliyelitangaza, na sampuli nyingi sana za Usambara zilikuwa kule. Usiku wa 1 Machi 1943 mabomu yakaipiga hebaria ya Berlin-Dahlem, sehemu kubwa ikateketea. Yaliyobaki ni nakala walizokuwa wamegawia wenzao wa miji mingine, na miti yenyewe, iliyokuwa bado imesimama hapa ikidondoshewa ukungu. Baadaye Waingereza nao wakajenga hebaria yao palepale Amani, wakaijaza, kisha mwaka 1950 ikahamishiwa Nairobi. Kwa hiyo ukitaka kuona majani ya Amani ya wakati huo, unapanda basi, unavuka Horohoro.

Tukiwa kwenye majina, orodha ya miti ya Amani ukiisoma kwa sauti ni kama unaita mahudhurio ya maofisa wa Kijerumani. *Stuhlmannii* ni Franz Stuhlmann, mkurugenzi wa kwanza wa kituo. *Engleri* na *Englerodendron* ni Adolf Engler wa Berlin. *Holstii*, *scheffleri*, wakusanyaji. Ua maarufu kuliko yote ya Usambara, lile la zambarau linalokaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, liliitwa Saintpaulia mwaka 1893 kwa heshima ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa huku Tanga aliyepeleka mbegu kwao. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya *Streptocarpus*, kwa hiyo yule baron kapoteza cheo, ingawa mauzo ya vyungu yanaendelea na jina lilelile. Mwaka mmoja baada ya safari yetu, 2009, ilitangazwa jenasi mpya ya mti wa ukoo wa mstafeli kutoka misitu ya mashariki mwa Tanzania, ikaitwa *Mwasumbia*, kwa heshima ya Leonard Mwasumbi wa hebaria ya Dar es Salaam. Siku nilipoiona kwenye maandishi nilisimama na kuzunguka meza. Mwasumbia. Hata herufi zake zinakaa vizuri mdomoni.

Saintpaulia yenyewe, kwa njia, hatukuihesabu. Iliota kwenye mwamba wenye kivuli kando ya kijito, hatua kumi nje ya ploti yetu. Kanuni ni kanuni. Tulipita mmoja mmoja, kila mtu akachuchumaa akaitazama, tukaendelea na mkuza. Mpango wetu ulikuwa wa miti, na mpango wa miti hauoni okidi za juu, vijimea vya kandokando ya maji, wala vitambaazi vyembamba kuliko kidole gumba. Mtu akikupa idadi ya mimea ya msitu, muulize alikuwa ametazama kimo gani.

Ploti ambayo siisahau haikuwa na uhaba wa kitu. Miti mikubwa ilikuwepo, minyasa ya kukumbatiwa na watu watatu, miula, mitambara. Mwavuli umefunga vizuri. Ukiipiga picha ya ndege ungesema ni msitu usioguswa. Kwenye kiploti kidogo cha katikati hatukupata mche hata mmoja wa miti ile. Chini kote kulikuwa ni iliki. Iliki inapenda kivuli, na mkulima anaacha ile mikubwa kwa ajili hiyo, anafyeka vya chini. Ni kama nyumba ya mababu na mabibi watupu. Tulikaa pale kwenye gogo tukanywa chai ya chupa, na chai ilikuwa na iliki, na aliyetuletea iliki ni Mzee, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema neno.

Na kuna mhesi. Huu si wa Usambara. Kwao ni upande wa Ziwa Victoria na kwingineko hadi magharibi ya Afrika. Ulipandwa Amani enzi za Wajerumani, na baadaye ukapandwa kwa wingi kuziba mapengo ya miti iliyovunwa. Unakua mbio, na hondohondo wanapenda matunda yake, wanayameza wanakwenda kuyatapika kilomita kadhaa mbele, kila palipo na uwazi. Kuna ploti ambazo kila nilipouliza jina nilijibiwa mhesi, mhesi, mhesi. Kitabuni ni mvamizi. Mwalimu wangu ukiutaja alikuwa anakunja uso. Mimi nilimuuliza Mzee, nikitegemea kukunjiwa uso vilevile. Alijibu kwamba nyumba yake imeezekwa juu ya mhesi, kitanda chake ni mhesi, na siku ya kuzikwa ubao wake utakuwa mhesi, "kwa sababu ule mtambara mnaoupima nikiukata mtanifunga." Sijapata jibu la hilo. Mhesi bado nauhesabu kama mgeni, ila nimeacha kuukunjia uso.

Ripoti ilitoka mwaka uliofuata. Ilikuwa nzuri, yenye ramani za rangi. Waliotoa fedha walitajwa, madereva walitajwa, mimi nilitajwa jina likiwa limekosewa herufi moja. Mzee aliingia kwenye "wasaidizi wa kijiji". Hata lebo za hebaria hazina pa kumweka: kuna sehemu ya aliyekusanya na sehemu ya aliyetambua, na aliyetambua maana yake ni aliyeandika Kilatini. Niliuliza. Niliambiwa huo ndio utaratibu wa dunia nzima, na nadhani ni kweli. Nilichoweza kufanya, nikiwa nabandika sampuli zile likizo nzima kwa gundi na uzi, ni kuandika kwa penseli pembeni ya kila lebo jina lake la ubini na neno "gome", maana yake alilitambua kwa gome.

Sampuli namba 41 ilikuwa ya mti mdogo, kipenyo sentimita 12, kwenye bonde lenye ubaridi nyuma ya kilima. Majani mawili mawili, kile kijijani kama ulimi katikati, kwa hiyo mbuni au ndugu zake. Hauna ua, hauna tunda. Mzee aliuchanja. Akanusa. Akachanja upande wa pili. Akatafuna kipande, akatema, akakaa kimya muda mrefu mpaka vijana wakaweka mapanga chini. Kisha akasema, "Siujui."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia. Mtaalamu wetu naye hakuujua, kwa hiyo hakuna aliyeaibika. Tulikata kitawi, tukakibana, mimi nikajaza fomu. Tuliukuta tena mara sita katika bonde lilelile, na kila mara Mzee alitingisha kichwa na kusema vilevile.

Kitawi kisicho na ua ni vigumu kukipa jina, na ule mfululizo mkubwa wa vitabu vya mimea ya Afrika Mashariki, ulioanza 1952 na kukamilika 2012 kwa spishi zaidi ya 12,000, hausaidii sana mtu mwenye majani matupu. Namba 41 ilibaki kabatini na alama ya "sp.", yaani spishi ambayo haijapewa jina. Nilipata kazi kwingine. Mzee akatangulia mbele ya haki. Nilisikia nimechelewa, wiki tatu baada ya maziko.

Mwaka juzi nilipigiwa simu na binti mmoja anayesoma pale nilipokuwa nasoma. Alikuwa anapitia data za zamani za Amani ili zilinganishwe na vipimo vipya, na jina langu alilikuta kwenye fomu. Ana adabu sana, shikamoo mbili kabla ya kufika kwenye swali. Akasema ameshasahihisha mambo mengi, ila kuna mti mmoja unamsumbua. Unatokea mara saba, wote bonde moja, hauko kwenye orodha yoyote ya majina, na wazee aliowauliza kijijini hawajawahi kuusikia.

"Dada, samahani," akasema. "Hii *msiujui* ni Kisambaa au Kizigua?"

Nikamwambia afungue kabati, anitumie picha ya lebo. Ikaja. Mwandiko ni wangu kabisa, wa mwaka 2008, kalamu ya bluu iliyolowa. Safu ya jina la kienyeji nilikuwa nimeandika alivyotamka, herufi kwa herufi, kisha wakati fulani kwenye kompyuta, nikiwa na haraka zangu zilezile, nikauongezea *m* mbele ili ufanane na miti mingine.